Mtoto anasimulia vizuri kwa mdomo, akiandika hakuna hata nukta: tunafundishaje alama za uandishi?

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiswahili shule ya msingi ya serikali, huu ni mwaka wa 14, na muda mwingi nimekaa Darasa la Tatu na la Nne. Wiki kadhaa zilizopita nilimaliza kusahihisha madaftari 94 ya insha, "Siku niliyokwenda sokoni". Kipande kimoja nakileta kama kilivyo:

"siku moja mimi na mama tulienda sokoni tukafika tukanunua nyanya vitunguu na dagaa mama akasema shika mfuko nikashika tukakutana na mama asha akasalimia akauliza mmetoka nyumbani saa ngapi mama akajibu tukaondoka tukapanda daladala tukafika nyumbani tukapika tukala"

Nilimwita huyu mtoto mezani nikamwambia funga daftari, nisimulie. Akasimulia vizuri sana. Alipofika kwa Mama Asha akapandisha sauti kama Mama Asha, akanyamaza kidogo, akajibu kama mama yake. Vituo vyote vilikuwepo mdomoni. Kwenye daftari hakuna hata kimoja.

Tangu siku hiyo najiuliza sisi walimu tunafanya nini. Kwa kawaida tunabandika chati ukutani: jina la alama, umbo lake, kazi yake. Watoto wanakariri. Uliza "kazi ya mkato ni nini?" na darasa zima litakujibu kwa wimbo: "Kutenganisha maneno yaliyo kwenye orodha!" Kisha wale wale wanaandika nyanya vitunguu na dagaa.

Mimi naamini tunaanzia mwisho. Alama tunazifundisha kama vitu vya kuchora, wakati kwa Kiswahili alama ni sauti ya msemaji iliyobaki kwenye karatasi. Tazameni nilichowaandikia ubaoni:

Baba amekuja.
Baba amekuja?
Baba amekuja!

Maneno mawili, mpangilio uleule, hakuna kilichohama. Zipo lugha ambazo ukitaka kuuliza lazima upindue maneno, msomaji akaliona swali tangu neno la kwanza. Sisi tunapandisha sauti tu. "Je" tunayo, lakini nani nyumbani kwake anamwambia mwanawe "Je, umekula?" Tunasema "Umekula?" basi. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anayeacha alama ya kuuliza ameandika jambo jingine kabisa. Ametoa taarifa mahali alipotaka kuuliza.

Nikawaandikia nyingine:

Mama Asha amefika.
Mama, Asha amefika.

Hapa darasa lililipuka, maana kila mtoto ana jirani anayeitwa Mama fulani. Sentensi ya kwanza, aliyefika ni mama mtu mzima. Ya pili, aliyefika ni binti, na mama ndiye anayeambiwa. Sikueleza kanuni yoyote. Nilizisoma mbili hizo kwa sauti, nikauliza: "Nani amefika?" Mikono yote juu.

Na hii ya kibandani: "Nipe chipsi mayai na soda." "Nipe chipsi, mayai na soda." Kwenye ya kwanza, chipsi na mayai ni sahani moja iliyokaangwa pamoja. Kwenye ya pili ni vitu viwili mbalimbali, na bei yake mbalimbali. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, mkato umeongeza hela." Miaka yote niliyofundisha mkato sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo.

Lakini tatizo lililonitesa zaidi ni -ka-. Rudini kwenye ile insha: tukafika, tukanunua, akasema, nikashika, tukakutana. Masimulizi yetu yanatembea kwa -ka-, kila kitenzi kimeshika mkia wa mwenzake. Mdomoni ni uzuri mtupu. Kwenye karatasi mtoto hapati pa kushukia. Ukimwambia "weka nukta mwisho wa sentensi" hujamsaidia, kwa sababu hajui sentensi yake imeishia wapi. Kwake yeye safari yote ya sokoni ni sentensi moja, na ukifikiri vizuri utaona ana sababu.

Nilichojaribu ni kuwaambia wamfuate mtendaji. Aliyekuwa anatenda akibadilika, simama ujiulize kama panahitaji nukta. Mahali pakibadilika, simama tena ujiulize. Tulivyofanya pamoja ikawa hivi:

"Siku moja mimi na mama tulienda sokoni. Tukafika, tukanunua nyanya, vitunguu na dagaa. Mama akasema, "Shika mfuko." Nikashika. Tukakutana na Mama Asha. Akasalimia, akauliza, "Mmetoka nyumbani saa ngapi?" Mama akajibu. Tukaondoka, tukapanda daladala, tukafika nyumbani. Tukapika, tukala."

Palitokea ubishi juu ya "Nikashika." Wengine walisema neno moja haliwezi kuwa sentensi. Nikawaambia hesabuni: ni- ndiye mtendaji, -ka- ndiyo inayolisukuma tendo mbele, -shika ndilo tendo. Neno moja na ndani mna sentensi nzima. Walifurahi mno, wakakaa kipindi kizima wakitafuta sentensi za neno moja: Tumechoka. Wamelala. Nimeshiba.

Kuhusu vifaa, natumia vizibo vya soda. Tunatoka chini ya mwarobaini, naandika sentensi sakafuni kwa chaki bila alama yoyote, kila kikundi cha watoto wanane kinapewa vizibo na vijiti vilivyopinda. Kizibo ni nukta, kijiti ni mkato. Mtoto anaweka, anasoma kwa sauti, mwenzake anakataa, wanahamisha. Faida yake ni kwamba kizibo kinahama. Kwenye daftari mtoto akikosea lazima afute, ukurasa unachafuka, mwalimu anakasirika, ndiyo maana wengi wanaona afadhali wasiweke kitu.

Kwenye imla pia nimeacha kutamka "nukta", "mkato" katikati ya sentensi. Nasoma mara tatu: nzima, vipande vipande, nzima tena. Alama azisikie mwenyewe. Wiki ya kwanza matokeo yalikuwa mabaya sana. Wiki ya sita sikutaka kurudi nyuma.

Naomba uzoefu wenu, walimu na wazazi. Nawasilisha.

Mama wa Watatu

Mwalimu, asante kwa uzi huu. Mimi ni mzazi tu, siyo mwalimu. Mwanangu yuko Darasa la Pili na kila siku anaandika "n'gombe". Namsahihisha, kesho anarudia. Dada yake wa Darasa la Tano anaandika "ngombe" kabisa, anasema kwenye simu hakuna anayeweka kile kialama. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe

Mama, pole na hongera kwa kufuatilia. Hilo kosa la "n'gombe" ni la watoto wengi, na lina sababu. Wameambiwa "ng'ombe ina ritifaa" bila kuambiwa ritifaa inafanya kazi gani, hivyo wanaidondosha popote karibu na n.

Anza na sikio. Mwambie aseme "ngazi", kisha "ng'aa". Polepole, mkono wake ukiwa kooni. Kwenye ngazi atasikia g ikipasuka. Kwenye ng'aa haipasuki, sauti inabaki puani. Ritifaa inakaa baada ya g kumwambia msomaji: hii g usiipasue, n na g hapa ni sauti moja. Ikikaa kati ya n na g itakuwa imewatenganisha ndugu waliotakiwa kushikana. Kisha mpe silabi apige makofi: ng'o-mbe. Makofi mawili.

Huyo wa Darasa la Tano mpe maneno ambayo ritifaa ikiondoka, neno linageuka. Ng'oa ni kuchomoa kitu kilichoota, kama jino au muhogo. Ngoa bila ritifaa ni wivu au shauku kubwa, ndiyo tunasema mtu analia ngoa. Nyota inang'ara, na Ngara ni wilaya mkoani Kagera. Akiona kwamba kialama kidogo kimemtoa angani kikampeleka Kagera, hatakiona tena kuwa ni cha hiari.

Na mimi huwa sisubiri Darasa la Nne kufundisha ritifaa. Sauti ng' mtoto anakutana nayo tangu anapojifunza kusoma, kwa hiyo alama yake ije siku hiyohiyo. Ni sehemu ya tahajia.

Mwalimu wa Bonde

Hujambo mwalimu mwenzangu. Nakuandikia kutoka Kenya, nafundisha shule ya upili, hivyo napokea watoto baada ya ninyi wa msingi kumaliza kazi. Naunga mkono mengi uliyosema, ila nina mambo mawili.

La kwanza ni majina. Huku alama ya mwisho wa sentensi mwanafunzi anaweza kuiita nukta, kitone au kikomo. Hiyo ya kutua kidogo ni koma, mkato au kipumuo. Sasa fikiria mtoto mdogo anayejua kitenzi "kukoma", yaani kufika mwisho, na anayesikia "koma!" kila akifanya utundu. Mwalimu anamwambia "weka koma hapa" na anachosikia ni kwamba hapa ndipo mwisho. Kisha anaambiwa mwisho halisi ni "kikomo". Maneno mawili yanayosikika kama ndugu wa tumbo moja, kazi tofauti. Nimewahi kupokea mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa akimaliza kila sentensi kwa koma. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, si ndiyo ya kukoma?" Tangu hapo nikichagua jina moja mwanzoni mwa muhula silibadilishi, na majina mengine nayaleta baadaye, kwa kuwa mtihani unaweza kutumia lolote.

La pili ndilo kubwa. Hii habari ya sauti na pumzi ina mpaka wake. Ni kweli alama zilizaliwa kwa ajili ya kusoma kwa sauti. Mnamo karne ya 3 na ya 2 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria, aliweka nukta juu, katikati au chini ya mstari kumwonyesha msomaji kituo kirefu au kifupi. Lakini leo tunasoma kimya, na alama zimebeba kazi ya sarufi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba koma ni pumzi ananiletea hii:

"Watoto wote waliokuja jana pamoja na wazazi wao, walipewa madaftari."

Amepumua, kweli. Lakini amemkata mtendaji na tendo lake. Hiyo koma haina mahali. Nikisahihisha ananiambia alifundishwa hivyo msingi. Utafanyaje hapo?

Chaki Nyeupe

Mwalimu wa Bonde, umenigusa penyewe. Nakubali. Kosa hilo nimeliona hata kwenye madaftari yangu, na nimelisababisha mwenyewe kwa kusema "mkato ni pumzi fupi". Sentensi ikiwa ndefu mtoto anaishiwa pumzi, anakata.

Nadhani jibu ni kuwa na vipimo viwili kwa mpangilio. Kwanza sikio: soma, sikia unapotua. Halafu akili: hapo ulipotua, ukiweka alama au usipoweka, maana inabadilika? Nani anafanya? Anafanya nini? Ikiwa umetua kati ya nani na anafanya nini, na hakuna kitu ulichochomeka katikati, ondoa kijiti. Darasa la Tatu wanatosheka na kipimo cha kwanza. Kuanzia la Tano kipimo cha pili lazima kije, wasifike kwenu na pumzi peke yake.

Hilo la neno "koma" limenifungua macho. Mimi nilikuwa nikitumia "mkato" kwa mazoea tu. Sasa nitalitumia kwa makusudi.

Msahafu na Kalamu

Assalamu alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wasio Waislamu. Mimi ni mtu wa pwani. Asubuhi nafundisha shule, jioni nafundisha chuoni, yaani madrasa, na nimeshangaa muda wote huu hatujazungumza hazina ambayo watoto wetu wengi wanayo tayari.

Mtoto anayesoma msahafu amefundishwa alama za waqfu, yaani za kusimama, tangu mdogo. Akiona herufi ya Kiarabu mim, ndogo juu ya mstari, anasimama lazima. Akiona lam-alif, hasimami. Jim, ni hiari yake. Kuna ya kumwambia kusimama ni bora, na ya kumwambia kuendelea ni bora. Mtoto wa miaka tisa anazijua zote hizo na anazitii, kwa sababu ustadh wake anamsikiliza neno kwa neno. Kisha mtoto huyohuyo akiingia darasani kwangu asubuhi anasoma kitabu cha Kiswahili kama gari lililokatika breki.

Siku moja nikawauliza: chuoni mnasimama kwa nini? Wakajibu: "Maana isiharibike, ustadh." Nikawakumbusha mfano ambao sisi tuliokaa mkekani tunaujua, wa Suratul Maun. Aya inasema ole wao wanaosali, na inayofuata ndiyo inafafanua: wale wanaozipuuza sala zao. Ukiishia kwenye ile ya kwanza ukanyamaza, msikilizaji ameondoka na nini? Wakaelewa. Nikawaambia basi na hizi nukta na mikato ni waqfu za Kiswahili, na atakayezikanyaga anaharibu maana ya mwenzake. Sijasema ni sawa kwa heshima, msinielewe vibaya. Nimesema adabu ya kusoma ni moja.

Mababu zetu wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, bila nukta na mkato hizi tunazotumia leo. Waliweza kwa sababu ubeti wenyewe una mizani na vina, na kina kikifika sikio linajua kipande kimekwisha. Nathari haina kina cha kumshika msomaji mkono. Ndiyo maana katika darasa langu naanza na shairi, mtoto asikie kituo kinaletwa na kina. Kisha nampa hadithi ya kawaida, nauliza: hapa kina hakipo, nani atamwambia msomaji asimame?

Na kwenye shairi ritifaa ina kazi nyingine. Mshairi akibanwa na mizani anakata silabi, "nimekuja" inakuwa "'mekuja". Ile ritifaa inasema hapa palikuwa na kitu, nimekitoa kwa makusudi.

Chaki Nyeupe

Wa alaykum salaam, ustadh. Hili nitalifanyia kazi Jumatatu. Karibu nusu ya darasa langu wanakwenda madrasa, na sikuwahi kuwauliza wanajua nini kabla ya kuwafundisha.

Nipo Mjini

Mimi nasema ukweli ninavyouona, samahani kama nitawaudhi walimu. Mtihani wa Darasa la Saba kwa sehemu kubwa ni kuchagua herufi na kusiliba, yaani kutia giza kiduara cha jibu. Tangu 2012 ndivyo. Mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi na kufaulu bila kuandika aya moja ya kwake. Mwalimu mwenye watoto 94 atapoteza wiki sita kwa vizibo kwa faida gani? Na akitoka hapo anaingia kwenye simu, huko ni "uko wp", "cjui", na alama za kuuliza tano kwa mpigo. Dunia imeshahama.

Chaki Nyeupe

Ndugu yangu, hujaniudhi. Swali hili nimejiuliza mwenyewe usiku mwingi.

Ni kweli karatasi ya kusiliba haimwombi mtoto aandike. Lakini inamwomba asome. Inampa kifungu cha habari na maswali yake, na mtoto asiyesikia alama hajui nani alisema nini ndani ya kile kifungu. Nimefanya jaribio dogo na watoto wangu:

Juma alisema Asha ni mwizi.
"Juma," alisema Asha, "ni mwizi."

Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Kwenye ya kwanza anayeshutumiwa ni Asha. Kwenye ya pili ni Juma. Nikauliza mwizi ni nani, na watoto wengi wa Darasa la Nne walijibu Asha kwa zote mbili. Hawakuona zile alama za usemi hata kidogo. Huyo mtoto ukimpa ufahamu atasiliba vibaya, na wewe utasema hana akili.

Kuhusu muda, wiki sita hazikuwa za alama peke yake. Ilikuwa dakika kumi kila siku ndani ya kipindi cha kusoma. Na niliacha kusahihisha kila kitu. Wiki ya nukta, kalamu nyekundu inagusa nukta tu. Wiki ya mkato, mkato tu. Madaftari 94 yakawa yanamalizika, na mtoto akawa anajua ni kitu gani ninamtafuta. Zamani nilikuwa narudisha daftari lenye damu ukurasa mzima na mtoto haangalii hata moja.

Simu siichukii. Mtu mzima akiandika "uko wp" anajua anaandika kwa rafiki. Ninachotaka ni mtoto awe na njia zote mbili. Siku atakapoandika barua ya kuomba kazi, yenye "Kumb. Na." na "YAH:" na nukta zake, asije akakosa kazi kwa kitu ambacho mimi nilipaswa kumpa akiwa na miaka kumi. Na kuna siku nyingine ambazo si za mtihani wala kazi. Kwenye pipa la maji palibandikwa karatasi: "HAPANA MAJI YA KUNYWA". Ukiisoma ilivyo, maji ya kunywa yamekwisha. Ukiweka mkato baada ya hapana, mtu amekuzuia usinawie, haya ni ya kunywa. Pipa lilikuwa limejaa. Watoto walikaa na kiu asubuhi nzima.

Nipo Mjini

Hilo la mwizi nimemjaribu mtoto wa dada yangu sasa hivi. Amejibu Asha mara mbili. Nimenyamaza.

Kivu

Salamu kutoka Goma. Huku watoto wengi wanasomeshwa kwa Kifaransa, na Kiswahili wanakiandika kwa desturi za Kifaransa. Wanaacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza na ya mshangao, hivi: "Umekula ?" Na maneno ya msemaji wanayafungia kwa « ». Mtoto akihamia Tanzania au Uganda anaambiwa amekosea, analia. Naomba walimu mnaopokea watoto wetu mjue si uzembe. Amefundishwa, ila amefundishwa kwingine. Hata namba: kwao mkato ndio unaotenga desimali, 2,5 ni mbili na nusu. Na anapoona 5,000/= dukani anashangaa kabisa.

Chaki Nyeupe

Ahsante sana Kivu. Nimewahi kuwa na mtoto wa namna hiyo na nilimkata alama. Laiti ningejua.

Hiyo /= hata watoto wetu wa hapa hawaijui. Nami huwaambia: mkwaju, yaani huu mstari wa kulala (/), unatenga shilingi na senti. Zamani bei iliandikwa 2/50, shilingi mbili na senti hamsini. Pasipo na senti unaandikwa mstari au alama ya sawasawa mahali pake. Senti zimepotea mifukoni, alama yake imebaki kwenye kila kibao cha bei.

Mwalimu wa Bonde

Swali la mwisho kutoka kwangu. Alama za usemi unazianzaje? Wangu walikuwa wakifika Kidato cha Kwanza wakiandika: Mama alisema kuwa "niende dukani". Walichanganya usemi halisi na wa taarifa. Na maswali ya taarifa nayo waliyawekea alama ya kuuliza: "Aliniuliza nitarudi lini?"

Chaki Nyeupe

Naanza na hadithi za jioni, kama tulivyosimuliwa na bibi. Naandika ubaoni bila alama: paukwa pakawa. Nauliza: haya maneno yametoka mdomo mmoja au midomo miwili? Wote wanajua ni miwili. Mmoja anaita, wengi wanaitikia. Basi kila mdomo upewe alama zake za kufungua na kufunga:

"Paukwa!"
"Pakawa!"

Kisha naleta Sungura na Fisi. Mtoto mmoja Sungura, mmoja Fisi, mmoja msimulizi. Kila mmoja asome sehemu yake tu. Msimulizi akisoma maneno ya Fisi, darasa linamkatalia. Baada ya hapo wanajua kwamba alama za usemi zinafunguka mdomo wa mhusika unapofunguka.

Hapo ndipo swali la taarifa linapokuwa rahisi. "Aliniuliza nitarudi lini." Namwuliza mtoto: hapa mdomo wa nani uko wazi? Wa msimulizi. Msimulizi anauliza? Hapana, anatoa habari kwamba aliulizwa. Basi ni nukta. Lile la "kuwa" na alama za usemi kwa pamoja bado linanisumbua hata mimi. Ninachofanya ni kumwambia achague: aidha "kuwa", aidha mdomo. Akichagua kuwa, "niende" ibaki bila alama. Akichagua mdomo, lazima arudi kwa maneno ya mama mwenyewe: "Nenda dukani."

Mama wa Watatu

Mwalimu, nimerudi baada ya wiki tatu. Yule wa Darasa la Pili sasa anapiga makofi kila akiandika ng'ombe. Dada yake nimempa kazi ya kuniandikia ujumbe wa jikoni kila akitoka shule, kwa kuwa narudi usiku. Wa jana huu hapa, sijagusa kitu:

"Mama, shikamoo. Nimepika wali maharage na mchicha. Baba Juma alikuja akauliza upo? nikamwambia, bado hujarudi. Ng'ombe nimempa maji."

Nimsahihishe wapi?

Chaki Nyeupe

Mama, usimsahihishe. Mwite akae nawe, mwambie asome kwa sauti kuanzia "Baba Juma alikuja", kisha muulize mdomo wa nani uko wazi pale kwenye "upo". Mwachie kalamu ashike yeye.

Na mwambie kwamba mwalimu mmoja asiyemjua ameona alivyoweka mkato baada ya "Mama", na kwamba hakuweka mkato kwenye "wali maharage".